Dina Alipona Ukurasa wa Mwisho

Mdogo wangu Joyce anaandika vitabu vya watoto, na watu humsifu kwamba watoto wa kwenye vitabu vyake wanapumua. Lazima wapumue. Mmoja wao hiyo pumzi aliipata kwa binti yangu Belinda.

Joyce anakaa Singida mjini, lakini kila tukivuna alizeti huja kwetu Iguguno, eti kusaidia kupura. Kupura gani? Fimbo anaishika kidogo tu, halafu utamkuta amelala chali kwenye sakafu ya jikoni, anatazama uvungu wa meza. Anasema anataka kuiona nyumba kama mtoto anavyoiona. Akiandika hadithi huwasomea watoto wa majirani bila kuwaambia ni ya nani. Akiona mtoto ameanza kuchezea vidole, pale anapafuta. Na kabla hajampa mhusika jina, humtafutia kwanza kitu anachokiogopa. Mtoto hadanganyiki, huwa ananiambia; ukiweka uongo kwenye hadithi, anasikia harufu yake.

Belinda wangu alikuwa na kitu anachokiogopa, na alimwambia Joyce. Alikuwa darasa la sita na bado anakojoa kitandani. Daktari alituambia tusimpige, tuwe tunamwamsha usiku, ataacha mwenyewe. Bibi yake alishauri afungwe chura kiunoni. Nikamjibu mama mkwe wangu, kwa heshima zote, kwamba chura abaki kisimani. Siri hiyo ilikuwa ya humu ndani mwetu tu. Alichokiogopa Belinda ni kambi, maana shuleni kwao darasa la saba hulala madarasani wiki za mwisho kabla ya mtihani wa taifa, godoro kwa godoro.

Mwaka uliofuata kitabu kikaja. Msichana anaitwa Dina, anakaa Itigi, treni inapita nyuma ya nyumba yao. Treni ndiyo ya Joyce. Mengine yote yalitoka nyumbani kwangu: kuamka kabla ya jogoo, kugeuza godoro, kuanika shuka nyuma ya ghala na kulifunika kwa kanga ili mpita njia aone kanga tu. Hata namna mtoto anavyochekacheka kwa sauti asubuhi kama hiyo ili asiulizwe kitu. Hilo mimi mama yake sikuwahi kuliona, na liliniuma kulisoma kwenye kitabu.

Nilidhani Belinda atalia. Alifurahi. Alinifuata nikiwa nachambua mboga akasema huyu Dina ni yeye, akakisoma mpaka jalada likalegea. Mwishoni mwa kitabu Dina anamwambia bibi yake kila kitu, analia mapajani pake, usiku ule analala mkavu na hakojoi tena maisha yake yote. Anakwenda kambini anaimba.

Belinda naye akamwendea bibi yake, akalia mapajani pake. Kwa bahati mbaya wiki ile alilala mkavu. Nasema bahati mbaya na ninajua ninachokisema.

Kambi ilipofika nilikuwa nimeshaongea na Mwalimu Faith, mlezi wa wasichana, awe anamwamsha. Nikatia na nailoni ya kutandika juu ya godoro, chini kabisa ya mfuko. Belinda akaitoa, akaificha nyuma ya mlango. Alipofika kule alimwambia mwalimu asihangaike, ameshapona, na mwalimu akamwamini kwa sababu mtoto alisema bila kusitasita. Hazikupita siku nyingi akarudi nyumbani asubuhi na mapema, godoro kichwani. Mkojo ulikuwa umefika hadi kwa mwenzake wa pembeni. Shule nzima ilikuwa imeshakisoma kitabu cha Joyce. Kabla ya uji walikuwa tayari wanamwita Dina.

Akakataa kurudi. Kwa kambi sikumlaumu, lakini alisema na mtihani hafanyi. Baba yake, Leonard, alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mwalimu Faith alikuja mwenyewe kusema anaweza kutokea nyumbani siku ya mtihani na hakuna atakayemgusa. Belinda alichezea pindo la gauni. Mtihani wa darasa la saba haumngoji mtu, na sisi hatuna pesa za shule ya kulipia.

Ikabaki siku moja. Nikampigia Joyce simu, maana ndiye Belinda aliyemwamini kuliko sisi sote. Alishuka kwenye basi la mchana macho yamemwiva. Sikumpa hata maji. Nilimwuliza nani alimwambia mtoto wangu amepona. Akasema kitabu cha mtoto hakiwezi kumwacha mtoto kwenye mkojo, lazima afunge kitabu akiwa na tumaini. Nikamwambia tumaini lake limelowesha magodoro mawili.

Belinda alitoka chumbani mwenyewe. Akamwamkia mama yake mdogo shikamoo kama kawaida, akakaa kwenye kigoda. Joyce akaanza kuongea kwa ile sauti yake ya kusomea, kwamba shujaa huanguka na kuinuka. Belinda akamwacha amalize.

"Mama mdogo, Dina aliacha kweli?"

Joyce alinitazama. Nilitamani aseme ndiyo. Uongo mmoja zaidi usingenisumbua, mradi mtoto avae sare kesho.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Pale nilibuni."

"Na kuanika shuka?"

"Hilo ni la kweli. Si uliniambia wewe?"

"Mbona la kweli na la kubuni umeyaandika sawasawa?" Belinda akasema. "Mimi ningejuaje?"

Mtu anayejua kuwasemesha watoto wa kwenye karatasi alilia mbele ya huyu aliyeketi kwenye kigoda. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilikwenda zangu kuwafungia mbuzi.

Kesho yake nilipasi sare, nikachemsha uji. Belinda alichukua jembe akamfuata baba yake shambani kung'oa mabua. Mwalimu Faith aliniambia baadaye kwamba dawati lililobandikwa namba yake lilikaa wazi mpaka mtihani ulipoisha.

Nilimwomba Joyce akiondoe kile kitabu. Akasema kimeshasambaa, hakiko tena mikononi mwake. Hata hapa shuleni kwetu bado kipo. Watoto wa darasa la tatu wanakigombania, na mwalimu wao anasema wanachokipenda zaidi ni mwisho wake.