Kicheko cha Upande wa Pili wa Ukuta

Tamimu alikuwa na duka la vitenge mjini Kibondo, na kwa miaka tisa funguo za duka hazikuwahi kushikwa na mtu mwingine. Alipoanguka na bodaboda na mguu kufungwa hogo la plasta, ikambidi amkabidhi mkewe, Zuleha.

Yeye akawa analala chumba cha nyuma, kilichotenganishwa na duka kwa ukuta mmoja tu. Kutwa alimsikia Zuleha akiongea na wateja kwa Kiha, lugha ya wenyeji, maana naye alizaliwa jirani, Kasulu. Tamimu, ambaye wazazi wake walitokea Bagamoyo, alijua salamu basi. Aliyemuudhi zaidi ni Niyongabo, fundi cherehani aliyeshonea pale barazani. Fundi akisema neno, Zuleha anacheka kicheko kirefu ambacho Tamimu hakukumbuka kukisikia nyumbani.

"Mlikuwa mnacheka nini?" alimuuliza siku moja alipomletea chai.

"Habari za mbuzi wa jirani yake. Kwa Kiswahili hazichekeshi."

"Hazichekeshi, au mimi sitakiwi kuzisikia?"

Zuleha aliweka kikombe, akarudi dukani.

Wiki ya tatu Tamimu akajikokota na magongo hadi mlangoni. Pelagia, mteja wao wa siku nyingi, alikuwa akipimwa gauni.

"Pole, Baba Saady," alisema. "Lakini usiharakishe kupona. Mama Saady tumeshamzoea."

Watu wakacheka. Tamimu naye akacheka, kisha akajikokota kurudi chumbani. Jioni ile akamwita fundi.

"Ondoa cherehani yako barazani kwangu."

"Nimekosa nini, kaka?"

"Baraza ni langu." Kisha akamgeukia mkewe. "Na kuanzia kesho, humu ndani ni Kiswahili tu."

Zuleha alitii. Wateja wakimsalimu kwa Kiha, anaitikia kwa Kiswahili, nao wananunua haraka na kuondoka. Waliotaka kushonewa walimfuata Niyongabo ng'ambo ya barabara, kwenye duka la mtu mwingine, wakanunua vitenge hukohuko. Kukawa kimya. Kimya nacho kikamtesa Tamimu. Kila saa akawa anaita, "Unawaza nini?"

Siku ya nne Zuleha aliweka funguo kitandani.

"Nakwenda Kasulu kwa baba. Umeninyamazisha, na bado unanichunga."

Kwa wiki mbili, kila Tamimu alipompigia simu, Zuleha alijibu salamu, akakata. Mwishowe Tamimu akapanda basi la Kasulu na magongo yake.

Ukweni walimpokea vizuri, wakampa kiti, kisha wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kiha. Hakuna aliyemtafsiria, hata Zuleha. Kila walipocheka alijitazama shati, akajitazama mguu. Mara mbili alishika magongo ili aondoke, mara mbili akayaweka chini.

Alasiri Zuleha akaja kuketi kando yake.

"Nilidhani wananisema mimi," Tamimu alisema.

"Walikuwa wanaongelea mvua na maharage."

"Naamini," akajibu, ingawa hakuwa na hakika.

Zuleha akamwambia, "Nitarudi. Lakini funguo zitakaa kwangu, na nitaongea lugha ninayotaka na mtu ninayemtaka."

Walirudi pamoja. Niyongabo aliombwa radhi, akapokea, lakini baraza hakulitaka tena. Hogo lilitolewa, na wateja wakaanza kurejea mmoja mmoja. Hadi leo, Zuleha akiangua kicheko na mteja, Tamimu hutoka nje, husimama kivulini mpaka moyo utulie, kisha huingia tena na kuendelea kukunja vitenge.