Mwenye Dhamana

Randa hakuwa na cheti cha sheria, hakuwa na ndugu serikalini, hakuwa na suti, na meno ya mbele hakuwa nayo tangu ujana. Hakuwa na aibu pia, na hilo lilimfaa kuliko yote aliyokosa. Alikuwa seremala mzee. Wateja walimpa jina la kifaa chake cha kulainishia mbao kwa sababu, walisema, hata ulimi wake unakwangua.

Dada yake mshonaji alikuwa ameibiwa cherehani. Aliyekamatwa ni Mjusi, hodari wa kupanda kuta, na tena mpwa wa mume wake. Kabla kesi haijasikilizwa akaachiwa kwa dhamana. Haukupita muda, dirisha la duka likavunjwa, vitambaa vya wateja vikaenda. Mjusi akakamatwa tena na kuachiwa tena. Asubuhi iliyofuata alipita dukani na kumwamkia mke wa mjomba wake kwa adabu zote. Hapo mshonaji akamwambia kaka yake kwamba anafunga duka ahamie kwa binti yake, maana amechoka kulala jicho moja wazi.

"Usifunge kwanza," Randa akasema. "Ngoja nimtafute mwenye dhamana."

Alimaanisha mtu wa kubeba lawama. Kituoni polisi wakamjibu kwamba wao hukamata tu, kuachia ni kazi ya mahakama. Mwendesha mashtaka akasema kila jalada lilimfikia peke yake, bila kutaja lile jingine, kana kwamba mshtakiwa ni mgeni, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kupinga; awaulize polisi. Randa akaona anazungushwa kama pia. Akaingia masjala ya mahakama, akajishikiza kwenye dirisha la karani.

"Mwanangu, mwenye dhamana ya huyu Mjusi ni nani?"

Karani alilisikia neno hilo kama linavyosikika masjala. Akafunua jalada, akamjibu bila kuinua uso kwamba aliyemdhamini mara zote mbili ni fundi saa, mwenye kibanda nyuma ya posta.

Nyuma ya posta kulikuwa na fundi saa mmoja tu. Ndiye mume wa mshonaji, yule aliyeapa mbele ya mkewe kwamba kwa Mjusi amekwisha nawa mikono.

Randa alimkuta na kioo jichoni, ameinamia saa iliyo tumbo wazi.

"Shemeji, umekuja kurekebishwa?" fundi saa akatania.

"Nimekuja kurekebisha."

Fundi saa alipoelewa, hakukana. Mama yake Mjusi alimwachia mtoto kabla ya kufa. Angemkatalia vipi? Tena alitia saini kwamba Mjusi atafika mahakamani, na kila alipoitwa amefika, shati limepigwa pasi.

"Sheria umeitimiza, sikatai," Randa akasema. "Lakini kila ninayemwuliza ananionyesha mlango wa jirani, na mlango wa mwisho ni wako. Mke wangu angekuwa dada yako, akavunjiwa dirisha, nawe ukajua aliyemtoa mvunjaji ni mimi, ungeniita shemeji?"

Fundi saa akatoa kioo jichoni. Walifunga kibanda, wakaenda wote dukani, na huko fundi saa mwenyewe akamwambia mkewe, bila kuzunguka. Mshonaji alisikiliza sindano ikiwa mkononi. Kisha akauliza nani ana mwandiko mzuri.

Aliandika Randa. Katika barua hiyo fundi saa alimwomba hakimu amwondoe katika udhamini. Akataja kesi zote mbili pamoja, ili atakayemwachia Mjusi amwachie macho yakiwa wazi, na ajulikane. Fundi saa alitaka Mjusi aitwe mwizi. Randa akakataa, akaandika "anashtakiwa", kwani hakuna aliyekwisha kumhukumu.

"Akirudishwa rumande, chakula nitampelekea mimi," fundi saa akasema.

"Tutampelekea," mkewe akamsahihisha. "Na wewe utanibadilishia kufuli la duka leo hii, maana kesho nafungua."

Akaichukua barua, akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Akaibandika kwa gundi ya mbao aliyokuwa nayo kaka yake, akaikandamiza kwa pasi ya moto mpaka ikakaza, kisha akajitanda mtandio na kuipeleka mahakamani mwenyewe.