Kisura cha Kulia Kilichokataliwa

Ofisini walimwita Chapchap, kwa sababu vidole vyake vikiangukia kibodi, hata wenzake wa chumba cha pili walisikia kama mvua imeanza kwenye mabati. Alikuwa ametengeneza tovuti kwa miaka tisa, na kazi hii ya kliniki ya mifupa aliipata kupitia kwa dada yake, muuguzi wa hapo.

Fomu yenyewe haikuwa na makuu. Mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani, kila asubuhi afungue ukurasa kwenye simu, aandike anavyoendelea, abonyeze "Tuma". Chapchap alidhani amemaliza, mpaka daktari mkuu alipomwita.

"Weka na vile visura vya kwenye simu," alisema daktari. "Cha kucheka, cha kununa, cha usingizi, cha kulia. Mtu aguse tu."

"Daktari, hii ni kliniki, si gumzo la vijana."

"Weka, mwanangu. Wengine maneno huwapa shida."

Alinung'unika, lakini akaweka. Fremuweki aliyoitumia, yaani lile sanduku la kazi zilizokwisha kuandikwa na waprogramu wengine, ilikuwa na visura tayari. Akaandika mistari minne tu, na jedwali la visura likajipanga chini ya kisanduku cha maandishi. Ukigusa kisura cha kulia, alama zake tatu, :'(, zinadondoka ndani ya kisanduku. Akajaribu mara mbili, kila mara pamoja na maneno, vikakubali, akapeleka kazi. Sharti lake la mwanzo aliliacha palepale: ujumbe usipungue herufi kumi, ili watu wasitume upuuzi. Anayepunguza anaonyeshwa maandishi mekundu: Tafadhali andika ujumbe wako.

Wiki ya tatu, asubuhi, chai mkononi, alipitia kumbukumbu za seva kutafuta makosa. Mgonjwa mmoja alikuwa amekataliwa siku kumi na saba mfululizo. Kila siku alituma alama zilezile tatu.

Akampigia dada yake.

"Mgonjwa namba arobaini na mbili ni nani?"

Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Fundi mwashi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika paja. Huyo hana neno, mdogo wangu. Hajatuma hata lalamiko moja."

"Ametuma kila siku, dada. Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

Saa nane mchana walikuwa mlangoni kwa mwashi. Mkewe akawafungulia, akawakaribisha kwenye chumba kisafi chenye kitanda kimoja, mwiko na timazi vikining'inia msumarini. Mwashi alikuwa ameketi upande upande. Paja lilikuwa limevimba, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Dada aligusa kwa mgongo wa kiganja, uso ukambadilika.

"Baba, mbona hukupiga simu?"

"Nipige ya nini, na kila siku nawaandikia?" Mwashi alionekana kushangaa kweli. "Kusoma sijui, wala mke wangu hajui, lakini mtu anayelia namjua. Nikigusa pale yanatokea maandishi mekundu. Tukasema, hao wamepokea."

"Nilikuwa namwambia avumilie," mkewe akasema. "Namwambia, si unaona, wamekujibu."

Chapchap alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa akimtazama. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, yale mekundu hayakuwa majibu. Ni mimi niliyeiagiza mashine ikatae kila asiyeandika maneno. Ilikukataa mara kumi na saba."

Mkewe akageukia dirishani.

"Kumi na saba," mwashi akasema. "Mimi ukuta ukinipindia nilikuwa naubomoa, sikuwa na muda wa kuulilia. Haya, nenda kabomoe."

Dada alikuwa ameshaita gari la wagonjwa. Usaha ulikuwa umejikusanya ndani ya kidonda cha upasuaji. Kesho yake mwashi akapasuliwa tena, akalala wodini mwezi mzima. Mguu ulipona, ila ulibaki mfupi kwa upana wa kidole, na daktari akamwambia wazi kwamba kupanda jukwaa basi. Chapchap naye alimwendea daktari mkuu akamweleza yote. Daktari hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sharti aliliondoa jioni ya siku ileile waliyokwenda kwa mwashi. Visura akavipandisha juu ya kisanduku, vikubwa kama vifuniko vya chupa. Kisura cha kulia kikitumwa, kengele inalia kwenye kompyuta ya wauguzi. Maandishi mekundu yakafutwa, mahali pake ikawekwa sauti ya dada ikisema ujumbe umefika na muuguzi atapiga simu.

Kabla ya kuwafungulia wagonjwa wote fomu hiyo mpya, aliipeleka wodini. Mwashi akavaa uso wa mkaguzi. Akagusa kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Hiki cha kununa na hiki cha usingizi vimefanana. Mtu mwenye homa ataviona kitu kimoja."

"Nitakibadilisha."

"Na huyu anayezungumza ni dada yako?"

"Ndiye."

"Mwambie asikimbie hivyo. Aseme polepole, kama mtu aliyekaa."

Chapchap akatoa daftari akaandika, huku mke wa mwashi akimsogezea kiti.