Mlango wa Chumba cha Nyuma

Atupele alihamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya akiwa muuguzi kijana, na hakuondoka tena. Alipokaribia kustaafu alinunua nyumba ya vyumba vya kupangisha pembeni mwa mji, katika mtaa ambao wenzake kazini walimkataza kabisa kuugusa kwa sababu ya vibaka. Yeye mwenyewe aliendelea kuishi Malangali, mtaa mwingine wa mji huohuo.

Mpangaji wake wa kwanza alikuwa Winifrida, mjane kutoka Mpui aliyeshona nguo barazani. Winifrida alimwomba mara nyingi aweke nondo madirishani. Atupele alimwambia avute subira. Chumba cha nyuma alikaa Valerian, kijana fundi wa kupaka rangi, mpole, mwepesi wa kusema shikamoo.

Jumapili moja, Winifrida akiwa misa ya kwanza, dirisha lake liling'olewa na cherehani ikabebwa. Jirani alikuwa amemwona Valerian akipita uani na gunia zito. Atupele alipofika, ua ulikuwa umejaa watu, wengine na mawe mkononi, mmoja na kidumu cha petroli. Valerian alikuwa amejifungia chumbani.

Atupele alipenya, akauegemea mlango ule wa mbao. Alimpigia simu mwenyekiti wa mtaa alete polisi, kisha akawaambia watu kwamba hatoki pale. Walimtukana, wakasema anakula kodi ya wezi. Jiwe likampata begani. Hakusogea mpaka polisi walipofika na kumchukua kijana. Gunia lilikutwa uvunguni mwa kitanda, cherehani ndani yake imefunguliwa vipande vipande.

Watu walipotawanyika, Winifrida alikuwa amekaa kizingitini, amepakata gurudumu la cherehani ambalo polisi walilisahau. Atupele aliinama kumpa pole.

"Mama," Winifrida alisema bila kuinua uso, "yule umemkinga kwa mwili wako. Mimi nilikuomba nondo tu."

Wapangaji wengine walihama. Winifrida hakuwa na pa kwenda. Fundi wa kuchomelea aliitwa, nondo zikawekwa kila dirisha, na Atupele akamletea Winifrida cherehani nyingine. Aliipokea kwa asante fupi. Kisha Atupele akafunga virago Malangali, akahamia chumba kile cha nyuma. Wanawe walipiga simu kutoka Mbeya kumwambia anajitafutia kifo. Aliwajibu kwamba hawezi kumpangisha mtu mahali ambapo yeye mwenyewe anaogopa kulala.

Valerian alifungwa. Atupele alikwenda kumwona gerezani. Kijana alijaribu kumshukuru, akaishia kulia. Jioni Atupele alimsimulia Winifrida, ambaye aliendelea kushona kama hasikii. Alipofika mwisho wa mshono alikata uzi, akauliza kama kijana anapata blanketi huko, maana baridi ya mwaka huu ilikuwa kali.