Feni Iliyokosa Pumzi

Niliota usiku wa jana kwamba kompyuta yetu imelala kitandani kwangu, imejifunika kikoi cha mume wangu mpaka shingoni, na mimi niko sebuleni juu ya meza yake, nimevishwa kitambaa cha kufuma.

Sikushangaa. Nililoona ajabu ni kwamba kitambaa kilinienea.

"Leo tumebadilishana zamu," kompyuta ikaniambia kutoka chumbani. "Mimi nimechoka kuzimika. Zimika na wewe kidogo uone."

Ngoja kwanza nieleze mambo yalivyokuwa kabla sijalala, maana ndoto haina adabu ya kueleza. Naitwa Mwanahawa, nakaa Chumbageni, Tanga, na mama mkwe wangu, Bi Mwatumu. Mume wangu Shaweji yuko Mtwara kwenye ujenzi wa barabara. Redio imekubali mchezo wangu wa kwanza, kisa cha dada wawili waliogombana kwa ajili ya sufuria, na wanautaka leo kabla ya adhuhuri. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Umebaki ukurasa wa mwisho tu, na kila nikiufikia, kompyuta inazima. Pu! Kioo cheusi. Nami nikishakolea huwa sikumbuki kuhifadhi, basi nimeuandika na kuupoteza ukurasa ule mpaka maneno yenyewe yamenikimbia.

Nimelaumu umeme, nimelaumu virusi. Fundi alikuja, akaipiga kompyuta ubavuni, akanywa chai, akasema ni uzee. Jana nililala nalia, nimejifunika kikoi cha Shaweji chenye matamvua ya kijani, kwa sababu bado kina harufu yake.

Basi nikashuka mezani, nikaenda chumbani, nikaifungua kompyuta ubavu. Ndani mna ngazi. Nikavua viatu, maana ile ni nyumba ya watu, nikateremka.

Mlangoni amekaa bawabu. Ni swichi, ila ana masharubu.

"Kanuni ya hapa," akasema, "mwenye shida huzimwa, kisha huwashwa."

"Mimi mgeni tu, baba."

"Mgeni ndiye mwenye shida zaidi." Akanibonyeza kitovu.

Nikazimika. Aliponibonyeza tena nikawaka, na kipandauso kilichonisumbua wiki nzima kimekwisha.

"Imesaidia?"

"Kichwa kimepona."

"Basi tatizo lako si kichwa. Pita."

Nikapita. Ndani kuna ukumbi na mkeka, na juu ya mkeka wamekaa dada wawili wembamba, warefu, wamevaa sare. Wakajitambulisha kuwa wao ndio Kumbukumbu. Joto la mle lilikuwa la kupikia, jasho likanitoka mpaka kwenye kucha.

"Mliuona ukurasa wangu wa mwisho?" nikauliza.

"Tulikuwa nao hapa hapa," akasema mmoja. "Ulikuwa mzuri. Mimi nililia."

"Ulilia palipoandikwa nini?"

"Sikumbuki. Ikizimika tu, sisi tunasahau hata majina yetu. Huyu ni nani?"

"Si ndugu yako?"

"Afadhali. Nilidhani ni mgeni, nikawa naona haya kujinyoosha."

Yule wa pili akakuna kichwa. "Mimi nimebakiwa na kipande. Dada mdogo anagonga mlango, anasema: 'Fungua, nimeleta sufuria yako.' Halafu anasema neno jingine. Hilo jingine ndilo lililomliza huyu."

"Neno gani, jamani?"

"Dada yangu, tungelijua tungekaa hapa tunatoka jasho?"

Nilitaka kulia, lakini machozi yalikauka kabla hayajafika shavuni. Neno lile ndilo mchezo wenyewe. Bila hilo, dada wale wawili watabaki mmoja nje na mmoja ndani, na redio haitaki mchezo ulioishia mlangoni.

Hapo akapita bwana mmoja mtanashati, kabeba begi, anafuta shingo kwa leso. Ni kirusi.

"Wewe ndiye!" nikamkamata koti.

"Dada, nisikilize. Nimesingiziwa vya kutosha," akasema kwa upole. "Mimi nilikuja hapa kuharibu, sikatai, ndiyo kazi yangu. Lakini huwezi kuharibu mahali ambapo hukai hata dakika ukapata hewa. Nahamia kwenye simu ya jirani. Nisalimie mama."

Akaondoka. Hata mimi nikamwonea huruma, na hilo linanikera mpaka sasa.

Ghafla tuko sebuleni kwangu, wala sikumbuki kupanda ngazi. Bawabu yuko katikati ya chumba anapiga makofi.

"Kanuni ya pili! Ukitaka kumjua mkosaji, toa kimoja kimoja. Joto likipungua, aliyetoka ndiye."

Wanaanza. Kipanya kinatolewa, joto liko pale pale. Spika zinatolewa zinanung'unika. Picha ya harusi yangu inatolewa, na Shaweji ndani yake ananiuliza kama nimekula. Yanatoka makochi, linatoka pazia, ukuta wa upande wa jirani unatolewa na jirani anaonekana anakata kucha, anatuamkia, tunaitikia. Joto halipungui hata kidogo. Sasa kimebaki kitu kimoja tu.

Kile kitambaa.

Ni cheupe, cha kufuma, kina maua na pindo la mawimbi. Mama mkwe alikifuma mwenyewe siku kompyuta ilipoletwa, kama alivyofuma cha televisheni, cha redio na vya makochi yote, na kila Ijumaa hukifua na kukitia uji wa muhogo kikakauka kikawa kigumu kama sahani. Kinaifunika kompyuta mwili mzima, nyuma na mbele, imekaa kama bibi harusi anayesubiri kutolewa nje.

"Kitoe na hicho," nikasema.

Wote wakasimama wima. Bawabu akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa.

"Kile hakitolewi."

"Kwa nini?"

"Cha mama."

Hapo nikasikia mtu anahema. Nyuma ya kitambaa kuna mwanamke mnene, kajifunga khanga kifuani, anakimbia hapo hapo alipo bila kusogea. Ni Feni.

"Nakimbia tangu asubuhi, mwanangu, sifiki," akasema. "Pumzi ya moto naitoa, haina pa kutokea, inarudi, naivuta ile ile. Nikichoka, mwenzangu anazirai." Akaonyesha kwa kidevu. Sakafuni amelala mzee mdogo wa mraba, Prosesa, uso umeiva.

"Mwanahawa," Prosesa akanong'ona, akafumbua jicho moja, "usinidhanie nakufanyia kusudi. Ukikolea kuandika, nami nakolea kuhesabu, moto unapanda. Nikizidiwa nazirai, nisije nikaungua kabisa. Nazirai ili kesho niwepo."

Nilisikia aibu. Muda wote huo nilimtukana mtu aliyekuwa akijitahidi.

"Basi kiondoeni!"

"Kiondoe wewe," wakasema wote pamoja, hata jirani.

Nikakishika pindo. Nikaliachia. Mtu akufumie kitu kwa macho yake yaliyochoka, wewe ukivue mbele yake? Watu wa mtaa wangesema Mwanahawa kaanza kumvua mama mkwe nguo. Ndiyo maana sikuwahi hata kukifikiria. Katika nyumba hii kitambaa kile hakikuhesabiwa kuwa kitu, kilihesabiwa kuwa mama.

Napandisha macho, naye huyo hapo. Bi Mwatumu amekaa juu ya jokofu, miguu inaning'inia, sindano ya kufumia mkononi, na kitambaa anachofuma kimetoka dirishani, kimevuka barabara, kimefunika mtaa mzima. Watu wanapita chini yake wanahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema, mwanangu. Umesimama kama mtu aliyevunja birika."

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. "Mama, kitambaa chako kizuri. Ila kinaiziba pumzi. Na mimi nami kinaniziba."

Feni aliacha kukimbia.

"Hilo ndilo la kukukondesha?" akasema mama. "Mimi nimefuma vumbi lisiguse kazi yako. Sikufuma ikuue. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaona nakudharau."

"Mjinga mkubwa wewe." Akateremka jokofuni, akaniminya pua kama mtoto. "Lete mkono niupime."

Akauweka mkono wangu wazi nyuma ya kompyuta, akauzungushia kidole, akachukua mkasi. Kitambaa kikalia kidogo, kisha kikanyamaza. Akatafuta uzi wa kuzungushia tundu asipate. Akaenda chumbani, akarudi na tamvua moja la kikoi cha Shaweji.

"Shaweji hatajua," akasema. "Nguo zake zote tangu utotoni hajui zina vifungo vingapi."

Alipokaza fundo la mwisho, Feni akavuta pumzi. Upepo ulitoka hapo ukapeperusha mitandio ya Chumbageni nzima. Prosesa akainuka, akajipangusa, akaomba maji.

"Mama," nikasema, "lakini ukurasa wangu umepotea. Hata Kumbukumbu wamesahau."

"Wamesahau wao. Wewe ukiandika unasema kwa sauti, sauti ya dada mkubwa na sauti ya dada mdogo. Unadhani mimi huko jikoni nimetia pamba masikioni? Kile kisa nakijua kuliko wewe."

"Niambie basi lile neno!"

"Hapa nikikwambia utaliacha hapa hapa. Amka kwanza, nitakwambia."

Nikaamka.

Jua limeshaingia chumbani, na jikoni kunanuka vitumbua. Nikakivuta kikoi usoni nikitafuta ile harufu, nikaona pembeni, kwenye safu ya matamvua ya kijani, moja halipo.

Nilikwenda sebuleni bila viatu. Makochi yapo, ukuta upo. Kompyuta imevaa kitambaa chake cheupe, kigumu, cha Ijumaa. Nikapita nyuma. Kuna tundu la mviringo, ukubwa wa kiganja changu, limezungushiwa uzi wa kijani, fundo kwa fundo.

Nikaiwasha. Nikaweka mkono pale. Upepo.

"Mwanahawa!" Bi Mwatumu akaita kutoka jikoni. "Umeamka? Njoo nikwambie basi, si nimekuahidi."

Nilipofika mlangoni hakugeuka. Alikuwa anapindua vitumbua, mgongo kanipa.

"Yule mdogo anagonga," akasema, "anasema, 'Fungua, nimeleta sufuria yako.' Mkubwa kimya, si ndiyo? Basi mdogo anasema, 'Fungua, dada, inaniunguza mikono. Nimeileta na wali ndani. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.'" Akafuta jicho kwa ncha ya khanga, akasingizia moshi. "Mpe afungue, mwanangu. Kamsimamisha mwenzake mlangoni siku nyingi mno."

Nikakimbilia sebuleni, nikaandika, nikahifadhi, nikaandika, nikahifadhi. Nyuma ya kitambaa Feni anavuma taratibu, kama mtu aliyekimbia tangu asubuhi na sasa amefika.