Barua ya Kujiuzulu

Filister alirudi nyumbani Mbita likizo ile ya mwaka 1996 akiwa na mtihani mmoja wa kurudia. Alikuwa ameufeli kwa sababu ya kwaya ya chuo, netiboli na kufundisha watoto wa mtaani bure. Kusema hapana hakujua, ndio uliokuwa ugonjwa wake.

"Safari hii ni vitabu tu," aliapa. Wiki mbili hazijaisha, tayari alikuwa katibu wa kamati ya chekechea, ya maji na ya mazishi.

Siku moja alijikaza, akaandika barua ya kujiuzulu, akampelekea mwenyekiti wa kamati zote tatu, Mzee Dishon, mkutanoni.

"Barua husomwa na katibu," mzee alisema, akamrudishia.

Basi Filister akasimama, akaisoma mwenyewe kwa ile sauti yake ya kwaya, mpaka mama mmoja akafuta machozi. Watu wakapiga makofi.

"Nyathina, mwanangu," mzee akasema, "anayeandika hivi tutamwachaje aende? Napendekeza ikataliwe. Andika."

Filister akaandika. Kisha, kalamu mkononi, akainua kichwa na kuuliza kama kawaida yake:

"Nani anaunga mkono?"