Maneno ya Pambizoni

Kamati ya chuo cha theolojia ilikutana Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba chenye feni moja mbovu, kuamua kama mwanafunzi aliyeongoza darasa miaka minne mfululizo anafaa kuwa mchungaji. Alama zake hazikuwa na mjadala. Kikwazo kilikuwa mstari mmoja wa waraka wa mtume, unaowaamuru wanawake wanyamaze, na mwanafunzi mwenyewe alikuwa mwanamke. Alikaa karibu na mlango.

Mwalimu wa historia ya maandiko alieleza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupuuzwa, kwamba katika nakala za kale mstari huo hautulii mahali pamoja. Kisha akamwita shahidi wake, mnukuzi wa nakala hizo. Alikuwa amekufa karne nyingi zilizopita. Mlinzi alimwandikisha kwenye kitabu cha wageni kama kawaida, ila sehemu ya namba ya simu aliiacha wazi.

Mnukuzi, wino hadi viwikoni, alieleza kuwa siku aliyokuwa akinakili waraka huo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kumsalimia dada yake, wakapiga soga tangu asubuhi, naye akawa anarukaruka mistari. Kwa hasira akayaandika pambizoni maneno yale ya kuwanyamazisha wanawake. Aliyenakili baada yake, mwoga wa kuacha kitu, akayaingiza ndani ya waraka wenyewe.

"Yalikuwa ya nyumbani tu," alisema. "Ni yangu, si ya mtume."

Akaletewa chai. Mwenyekiti, mwalimu wa mafundisho ya imani, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kubadili wazo wala mkoba, alimtaka aandike sentensi moja, akailinganisha na picha ya nakala, akakiri kuwa mwandiko ni ule ule. Kisha akafafanua kwamba kazi ya historia ni kusema neno limetoka wapi, na neno likishaingia halitoki. Wajumbe, wote wasomi, wakaandika hilo kwenye madaftari yao.

"Kwa hiyo niliyomwandikia shemeji sasa ni ya Mungu?"

"Kwa uongozi wa Roho, mzee wangu."

Kura zikapigwa, mwanafunzi akakataliwa. Mnukuzi aliona aibu. Alimwendea pale mlangoni, akainama, akamwomba msamaha.

Mwanafunzi akafungua kinywa ajibu. Mwenyekiti akamkumbusha kwa upole kuwa kikao hakijafungwa na mstari bado unatumika. Kisha akamjibia.

"Amekusamehe, mzee."